"Kuvuja" na "Kuisha": Maneno Mawili Katika Kazi ya Viyoyozi vya Magari

Kwa kawaida katika kurasa hizi hueleza istilahi mpya. Safari hii twakusudia kujadili maneno mawili ya zamani, ambayo kila msomaji anayajua, lakini ambayo katika shughuli za viyoyozi vya magari yamebadilishana mahali, na ubadilishanaji huo unaigharimu fedha ofisi yoyote yenye gari.

Huko Sikonge, takriban kilometa 70 kusini ya mji wa Tabora, tulionyeshwa daftari la matengenezo ya gari la ofisi moja. Wakati wa mvua dereva aliandika: "Kiyoyozi kinavuja." Mwezi wa Oktoba, joto lilipozidi, akaandika: "Gesi imeisha, iongezwe." Mwaka uliofuata maneno yalikuwa yale yale, na malipo yakatolewa kwa yote mawili. Gari lilipokaguliwa ilidhihirika kwamba kiyoyozi hakikuwa kikivuja pale iliposemwa kinavuja, na kilikuwa kikivuja pale iliposemwa gesi imeisha.

Ndani ya dashibodi mna kifaa ambacho mafundi hukiita evapureta, nacho huwa baridi sana. Hewa yenye unyevu ikipita hapo, unyevu hugeuka maji, kama tuonavyo nje ya bilauri ya maji baridi, na maji hayo hutoka kwa kijibomba hadi chini ya gari. Hiyo ni dalili ya uzima, wala si ugonjwa. Wakati wa kiangazi, hewa ya Unyamwezi ikiwa kavu, maji hayo hupungua. Yakimwagika miguuni mwa abiria, kijibomba kimeziba na hakina budi kuzibuliwa. Kwa hiyo twapendekeza kwamba maji hayo yasemwe kuwa "yanadondoka", na neno "kuvuja" liachiwe kile kinachopotea kweli.

Kinachopotea ndicho kiitwacho "gesi". Dutu hii huzunguka katika mabomba yaliyofungwa: kompresa huigandamiza, hupoa katika kondensa, mbele ya rejeta, ikawa kimiminiko, kisha hupenya tundu jembamba na kugeuka mvuke ndani ya evapureta, ikichukua joto la hewa ya garini. Haiungui kama petroli inavyoungua katika injini, wala mashine haiitumii ikamalizika. Ni kweli kwamba mipira huipitisha kidogo kidogo kwa miaka mingi. Lakini ikipungua kila msimu, ipo mahali inapotokea. Wapagazi wa misafara ya kale, waliopita Tabora wakielekea Ujiji, walijua maana ya chombo cha maji kilichotoboka. Hatudhani kwamba mmoja wao, akikuta kiriba kitupu na hakuna aliyekunywa, angetosheka kusema maji yameisha.

Mahali penyewe pa mavujo mara nyingi huonekana kwa macho. Dutu hiyo huzunguka pamoja na mafuta ya kompresa. Inapotoka, mafuta hutoka nayo, na vumbi la barabara hunata hapo likafanya doa jeusi. Fundi hutazama maungio, mhimili wa kompresa na kondensa, ambayo hupigwa na mawe ya njiani. Hupaka povu la sabuni, hujaza naitrojeni kwa mgandamizo, akangoja kuona mapovu. Akishabadilisha oringi au kipande kilichotoboka, pamoja na kikaushi, hufyonza hewa na unyevu wote kwa pampu kabla ya kujaza upya. Geji ikipanda baada ya pampu kuzimwa, kazi haijaisha.

Neno "gesi" nalo lina hatari yake. Mtafsiri aandikapo "jaza gesi", hajamkataza mtu kutumia gesi ya kupikia, ambayo huwaka moto. Tena dutu zenyewe ni nyingi na hazichanganywi. Ile ya R12 iliharibu tabaka la ozoni, ikapigwa marufuku kufuatia Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987. Iliyoshika nafasi yake, R134a, haidhuru ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto kiasi cha mara 1,430 kuliko kilo ya hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana marekebisho yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016 yanataka jamii hiyo ya dutu ipunguzwe. Kuongeza bila kuziba ni kuimwaga angani.

Kwa dutu hizi zote twapendekeza "kipozeo", kutokana na kitenzi "poza", kama "kichocheo" kilivyotokana na "chochea". Daftari basi lingesomeka: "Kipozeo cha R134a kinavuja, mavujo yatafutwe na kutengenezwa, kisha kijazwe kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari."

Dereva wa Sikonge alipinga. Alisema fundi atadhani ni maji ya rejeta. Hoja yake ina uzito. Lakini maji ya rejeta yana jina lake tayari, na hatujamsikia fundi akiyaita vinginevyo.