Jumba Lililoishinda Mizinga

Tarehe 25 Desemba, 2020, upande wa mbele wa Beit el Ajaib, pale Forodhani, uliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, hali mafundi wakiwa kazini. Watu wawili walifariki dunia. Mwenyezi Mungu awarehemu. Kwa zaidi ya karne moja, jumba hilo ndilo lililomkaribisha kila aingiaye Unguja kwa njia ya bahari.

Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, si kwa makazi bali kwa sherehe na heshima ya dola. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya pwani hii. Zikazungukwa na roshani pana zilizobebwa na nguzo ndefu za chuma kutoka ng'ambo. Milango yake ilichongwa nakshi na kuandikwa aya za Kurani. Humo zilionekana taa za umeme na lifti zamani ambapo wengi hawajapata hata kuzisikia, na jina la maajabu likapatikana.

Tarehe 27 Agosti, 1896, manowari za Kiingereza zililipiga mizinga eneo la kasri kwa muda usiotimia saa moja. Jirani yake, Beit el Hukm, liliangamia. Mnara wa taa uliokuwa mbele uliharibika ukaondolewa, na mnara wa saa ukajengwa usoni mwa jumba lenyewe. Beit el Ajaib likabaki limesimama. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mali ya umma: wananchi wakasomeshwa siasa humo, na baadaye likawa makumbusho.

Yatupasa basi tujiulize: jumba lililoishinda mizinga, mbona likaanguka katika siku za amani, mikononi mwetu wenyewe?

Hatukusudii kumhukumu mtu. Lakini kila fundi wa Mji Mkongwe ajua kwamba adui wa nyumba ya mawe ni maji. Dari ikivuja, chokaa hulegea, boriti huoza na chuma hushika kutu. Anayeziba ufa kwa saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta, kwani chokaa hupumua na saruji haipumui. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ya jumba hili ilianguka, likafungwa. Onyo tulilipata miaka minane kabla. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi leo twalipa gharama ya ukuta, na roho za watu juu yake.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Heshima hiyo haizibi dari inayovuja. Twawaomba wakuu wa Serikali kila jumba la umma litengewe fungu la matengenezo kila mwaka, na dari zikaguliwe kabla ya masika, si baada yake. Vijana wapelekwe kwa mafundi wa chokaa wangali hai, maana ustadi huo nao ni jumba, na ukianguka hauna mawe ya kuokota.

Nasi wananchi tusijitoe. Mali ya umma si mali isiyo na mwenyewe. Uonapo ufa, sema, ukishasema, fuatilia.