Kioo Kipya cha Jicho: Kazi Haiishi Siku ya Kupasuliwa

Ndugu msomaji, mtazame mwenzako machoni. Mbele ya mboni yake kuna utando mwembamba unaopitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Madaktari huuita konea. Sisi tutauita kioo cha jicho.

Kioo hiki kikiumia au kikiugua, huweza kubaki na kovu jeupe. Watu wengi huliita chamba. Chamba si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho huwa ndani, nyuma ya mboni. Chamba huwa mbele. Chamba kikiwa kikubwa, mwanga haupiti na mtu haoni.

Kovu kubwa haliondoki kwa dawa ya matone. Lakini daktari wa macho anaweza kukata sehemu iliyoharibika. Mahali pake hushona kioo kizima kilichotolewa kwa mtu aliyefariki. Kazi hii huitwa kupandikiza.

Jicho moja lilipona

Tarehe 7 Desemba, 1905, Dakta Eduard Zirm alimpasua kibarua mmoja wa shamba. Ilikuwa katika mji wa Olomouc, ambao sasa uko nchi ya Cheki. Macho yote mawili ya kibarua yalikuwa yameunguzwa na chokaa. Dakta aliyapandikiza yote mawili. Jicho moja halikufaulu. La pili lilipona, na kibarua akarudi kazini.

Hata leo wengi hupona, lakini si wote. Kovu lenye mishipa mingi ya damu lina hatari zaidi. Kwa hiyo daktari akikuambia jicho lako halifai kupasuliwa, hakunyimi. Anakueleza ukweli.

Baada ya kupasuliwa

Usitegemee kuona vizuri kesho yake. Kuona hurudi polepole, pengine hata mwaka mzima. Nyuzi zinaweza kukaa jichoni mwaka mmoja au zaidi. Wengi huhitaji miwani pia.

Hatari kubwa ni mwili kukikataa kioo kipya. Mwili hukiona kuwa ni mgeni, ukaanza kupigana nacho. Jambo hili laweza kutokea baada ya wiki chache, au baada ya miaka mingi. Dawa ya matone huutuliza mwili. Usiache dawa kwa sababu jicho halikuumi tena. Wala usizidishe mwenyewe. Dawa hiyo yaweza kupandisha presha ya jicho, na presha hiyo huweza kupofusha. Ndiyo maana ni lazima urudi kupimwa.

Jihadhari na dalili hizi:

1. Jicho kuwa jekundu.
2. Jicho kuuma.
3. Mwanga kukuumiza.
4. Kuona kufifia.

Ukiona hata dalili moja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje mavuno yaishe. Ukiwahi, mara nyingi dawa hukiokoa kioo. Ukichelewa, kioo huingia ukungu na giza hurudi.

Pia, ukihisi kama kuna mchanga jichoni, huenda uzi umelegea. Usiuvute. Mwone daktari. Usisugue jicho. Usitie mitishamba wala maziwa ya mama. Vaa miwani ya kukinga macho unapopasua kuni, maana pigo dogo laweza kufumua kidonda.

Uliza kwanza

Kabla ya kukubali kupasuliwa, kaa na jamaa zako mjiulize: Nauli ya kurudi hospitali mara nyingi itatoka wapi? Fedha za matone zitatoka wapi? Nani atakusaidia kazi za shamba mpaka upone? Mweleze daktari majibu yenu bila aibu. Ni afadhali ajue mapema kuliko kioo kiharibike kwa kukosa nauli.

Ndugu msomaji, daktari hushona kioo kwa siku moja. Kukitunza ni kazi yako ya kila siku.