Ndege za kelele zilizoshindwa na jua la Pwani

UKISIMAMA ufuoni Mkomani wakati wa jioni na kutazama ng'ambo ya maji, mpenzi msomaji, utauona Mji wa Kale na ngome ya Fort Jesus. Mara nyingine mlio wa ndege inayoelekea uwanja wa Moi utakupitia juu, nawe pengine hutainua hata kichwa. Ndege imekuwa jambo la kawaida kama matatu ya Kongowea.

Lakini je, wajua kwamba pale Fort Jesus pana kitu kinachohusiana na ndege za ajabu ajabu zilizowahi kujaribiwa katika mwambao wetu? Ni mzinga mkuukuu wa milimita 105, uliokuwa wa manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg. Kisa chake ni hiki.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka wa 1914, Königsberg ilikuwa katika bahari yetu. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, pale Unguja. Kisha ikaenda kujificha katika delta ya mto Rufiji, nyuma ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia humo kwa sababu ya kina kifupi cha maji. Njia ya kumwona adui ikawa ni moja tu: kutoka angani.

Wakati huo ndege ilikuwa haijatimiza hata miaka 12 tangu ndugu Wright waruke kule Marekani. Kila fundi alikuwa akibahatisha umbo lake. Waingereza walimwajiri rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa akirusha ndege-mashua aina ya Curtiss huko Durban. Chombo hicho kilikuwa kama mtumbwi uliovishwa mabawa ya mbao na kitambaa. Injini ilifungwa nyuma ya rubani, ikimngurumia kisogoni!

Kituo chao kilikuwa kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia. Haikupita muda rejeta ya ndege ikaanza kuvuja. Spea ingetoka wapi? Manowari moja ikatumwa hadi hapa petu Mombasa, ikarudi na rejeta ya motokaa aina ya Ford. Naam, rejeta ya gari! Mafundi wakaifunga, na kabla ya mwezi wa Novemba kwisha, Cutler alikuwa ameiona Königsberg kwa macho yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini safari hii mgeni ndiye aliyeponywa na mwenyeji.

Hata hivyo, bahati haikudumu. Tarehe 10 Desemba injini ilimzimikia akiwa juu ya delta. Akashuka mtoni, na Wajerumani wakamchukua mateka.

Mapema mwaka wa 1915 zililetwa ndege mbili za majini aina ya Sopwith, zenye mabawa ya kukunjwa. Injini zake zilikuwa kioja kikubwa zaidi. Katika injini ya gari lako, chuma chenyewe hutulia na ekseli ikazunguka ndani yake. Katika hizi mambo yalikuwa kinyume: ekseli ilitulia tuli, na injini nzima ikazunguka pamoja na rafadha! Zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, yale yale waliyonyweshwa watoto wa zamani kusafisha tumbo, na mafuta hayo yalirushwa nje mpaka yakamfikia rubani. Kupunguza mwendo nako kulikuwa kwa kukata moto na kuurudisha, kwa hivyo mlio ulikatika na kulipuka tena kama fataki.

Kelele zote hizo hazikufaa kitu. Ndege hizo zilishindwa kuruka zikiwa na rubani, mwenzake na mabomu. Rafadha za mbao ziliachana, kwani gundi iliyotengenezwa kwa hali ya hewa ya Ulaya haikustahimili joto na unyevu wa huku.

Pengine utauliza, joto linaidhuruje ndege? Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi. Bawa huibebea ndege juu ya hewa, kwa hivyo hewa ikipungua uzito bawa hukosa mahali pa kuegemea. Injini nayo hupumua hewa hiyo hiyo, na isipopata ya kutosha hukosa nguvu. Ongeza hapo maboya mazito yanayong'ang'aniwa na maji, nawe utaelewa masaibu ya marubani hao.

Baadaye zililetwa ndege za kurukia nchi kavu, Caudron na Henri Farman, nacho kiwanja kikatengenezwa Mafia. Tarehe 11 Julai 1915, rubani John Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu ya delta wakiwaelekeza wapiga mizinga wa manowari mbili ndogo, Severn na Mersey. Ndege yao ikapigwa. Hata walipokuwa wakishuka bila injini, Arnold aliendelea kutuma ishara za kurekebisha shabaha. Wakatumbukia mtoni, nao wakaokolewa wote wawili. Siku hiyo hiyo Königsberg ikaisha kazi.

Wajerumani waliiopoa mizinga yake wakaendelea kupigania nchi kavu, na mmojawapo ndio huo ulioko Fort Jesus.

Mpenzi msomaji, wakubwa wa vita walihesabu mizinga na manowari, lakini walisahau kuliuliza jua la Pwani. Kitu kilichotengenezwa kwa hali ya kwao kilihitaji kujifunza hali ya kwetu kwanza, na waliolipia somo hilo ni vijana waliokaa juu ya injini hizo. Hata leo rubani huzingatia kiwango cha joto la uwanja anaoondokea kabla ya kuruka.

Jumapili moja, vuka daraja la Nyali na watoto uwaonyeshe mzinga ule. Kisha waambie habari ya rejeta ya Ford iliyotoka Mombasa.