Sura ya Nne: Majina Matatu ya Mwajuma

Nje ya ofisi ya serikali ya mtaa kuna benchi la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu. Ndani kuna meza, muhuri, kidau cha wino wa bluu na daftari la wakazi lenye jalada gumu. Tuko Mbagala, wilayani Temeke, lakini ofisi hii ingeweza kuwa Tandale au Bunju upande wa Kinondoni. Dada mmoja anaingia. Tumwite Mwajuma. Mumewe yuko Marekani, na ameshamwombea ukaazi wa kudumu ili amfuate.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unakaa kwa nani?”

“Kwa mama Zuhura, nyuma ya msikiti.”

“Tangu lini?”

“Mwaka wa tatu huu.”

“Kabla ya hapo?”

“Tandale.”

“Na mjumbe wako anakufahamu?”

Mwajuma anadhani amefuata barua ya utambulisho tu, na kwamba uchunguzi wenyewe unamsubiri ubalozini. Kumbe umeshaanza. Maswali hayo atakutana nayo tena kwenye fomu ya viza ya uhamiaji ya Marekani, inayotaka kila mahali alipoishi tangu alipotimiza miaka 16. Atakutana nayo kwa mara ya tatu mbele ya ofisa wa ubalozi. Majibu yake ya siku hiyo na majibu ya leo yatapaswa kufanana.

Wanaoomba ukaazi wa nchi za nje huogopa zaidi swali la jinai: umewahi kukamatwa, umewahi kushtakiwa, umewahi kufungwa? Hofu hiyo naielewa, lakini kwa mtu wa uswahilini ambaye hana kesi, mtihani mzito huwa ni jina lake mwenyewe.

Tutazame karatasi za Mwajuma. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma Khamis. Cheti cha kumaliza shule kinasema Mwajuma H. Said. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, kinasema Mwajuma Hamisi Saidi. Kwetu huyo ni mtu mmoja, wala hakuna jirani atakayebisha. Hamisi ni baba yake, Saidi ni babu yake, na kama karani wa shule aliandika jina kwa masikio yake badala ya kutazama cheti, basi ndivyo makarani wengi walivyoandika. Wengi wetu hatuna jina la ukoo linalopita kutoka kizazi hadi kizazi. Jina la mtu ni mnyororo wa baba na babu, na kila kizazi mnyororo unasogea pete moja. Fomu ya Kimarekani haikutengenezwa kwa mnyororo. Ina kisanduku cha jina la kwanza na kisanduku cha jina la familia, basi. Mtu akiandika Saidi leo na Hamisi kesho kwenye kisanduku hicho cha pili, kompyuta inahesabu watu wawili.

Tena kompyuta haitafuti jina kama lilivyoandikwa tu. Tangu mwaka 1918 Wamarekani wana mbinu iitwayo Soundex, iliyosajiliwa kule kama uvumbuzi, inayogeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu kufuata sauti zake, ili majina yanayotamkwa karibu sawa yaanguke kapu moja. Baada yake zimekuja mbinu nyingi zilizo kali zaidi. Nia ni njema: kumkamata anayebadili herufi moja ili ajifiche. Lakini Abdalla, Abdallah na Abdullah wataanguka pamoja, na katika kapu hilo kuna maelfu ya watu wasio na hatia na labda mmoja anayetafutwa.

Ndiyo maana jina la kawaida huchelewesha. Jambo hili linatugusa sisi wa Dar es Salaam kwa namna ya pekee, maana tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani uliokuwa hapa hapa jijini, Kinondoni, na watu 11 wakafa, siku ile ile ubalozi wa Nairobi ulipolipuliwa. Mmoja wa waliohukumiwa New York mwaka 2001 alikuwa Mzanzibari ambaye majina yake yote matatu unaweza kuyasikia yakiitwa kwenye darasa lolote la pwani. Mwaka huo huo yakaja mashambulizi ya Septemba 11. Idara ya uhamiaji ya Marekani ikarudisha majina yapatayo milioni 2.7 kwa shirika la upelelezi, FBI, yachunguzwe upya, na safari hii si kwenye mafaili ya waliochunguzwa wenyewe peke yake. Walipekua pia mafaili ambamo jina limetajwa tu, hata kama aliyetajwa alikuwa shahidi. Mafaili mengine yalikuwa ya karatasi, yametawanyika katika ofisi za miji mbalimbali, na ilikuwa lazima mtu ayafuate kwa mkono. Waombaji wakasubiri miaka. Mwezi Februari 2008 idara hiyo ikalegeza: jina likikaa FBI zaidi ya siku 180 bila jibu, na mambo mengine yote yakiwa sawa, mwombaji aliyeko Marekani angeweza kupewa ukaazi wake.

Kwa hiyo ukiambiwa ubalozini kwamba faili lako liko kwenye “uchunguzi wa kiutawala”, usikimbilie kudhani kuna mtu amekuroga au jirani amepeleka maneno. Huenda kuna mwenzako mwenye jina kama lako, na kuna ofisa anayejaribu kuwatenganisha.

Kinachowatenganisha ni kidole. Kwa cheti cha tabia njema, ambacho hutolewa na Jeshi la Polisi, mwombaji huchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Kwa njia ya wino, ofisa hukushika mkono, akapaka kidole wino mweusi, kisha akakibiringisha kwenye karatasi kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili. Unatakiwa ulegeze mkono. Ukijitahidi kumsaidia, alama inachafuka. Mwisho vidole vinne hukandamizwa kwa pamoja, na dole gumba peke yake. Ndipo utaona kazi zetu zilivyoandikwa mikononi: fundi ujenzi aliyeshika saruji miaka 10 na mama anayefua nguo za watu kila siku, mistari yao imelika. Karatasi inatoka na doa badala ya mistari. Mtu wa namna hiyo apumzishe mikono siku kadhaa na kuipaka mafuta kabla ya kwenda. Hilo tu linaweza kumwokoa na safari ya pili.

Kumtambua mtu kwa kidole kulikuzwa sana katika ofisi za kikoloni. Mwaka 1858, Bengal, mtawala Mwingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja agonge kiganja chake kwenye mkataba. Mfumo wa kuzipanga alama ili ziweze kutafutwa ukaitwa kwa jina la ofisa wa polisi Mwingereza, Edward Henry, ingawa hesabu zake zilifanywa kwa sehemu kubwa na wasaidizi wake wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Afrika Mashariki jambo hili tulilipokea kwa uchungu. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, kikining'inia shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Mzee anayesita kutoa vidole vyake ofisini ana sababu zake, na ofisa mwenye adabu humweleza kwanza kabla ya kumshika mkono.

Turudi kwa Mwajuma, kwa sababu kuna jambo hajamwambia mzee wa mtaa. Kati ya Tandale na Mbagala aliishi Muscat, Oman, miaka miwili, akifanya kazi za ndani. Marekani hutaka cheti cha polisi cha nchi yako na cha kila nchi nyingine uliyokaa zaidi ya mwaka baada ya kutimiza miaka 16. Kanada huhesabu miezi 6 mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, kuanzia umri wa miaka 18. Kwa hiyo Mwajuma anahitaji cheti cha Oman, na kukitafuta ukiwa umesharudi Temeke ni kazi ngumu kuliko kukiomba kabla ya kupanda ndege. Nawasihi dada zetu walioko Ghuba sasa hivi: mkimaliza mkataba, ondokeni na cheti hicho mkononi.

Kuna swali jingine ambalo huwapita wengi: umewahi kutumikia jeshi au kupata mafunzo ya kijeshi? Kijana aliyemaliza kidato cha sita akapitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) anaweza kujibu hapana, kwa kuwa kichwani mwake jeshi ni Jeshi la Wananchi, JWTZ. Na aliyekuwa mgambo wa kata naye anaweza kujibu hapana. Ofisa anayeijua Tanzania anajua kwamba JKT ilianzishwa mwaka 1963 na kwamba tangu 2013 vijana wa kidato cha sita wanaitwa tena kambini. Jibu la kweli halidhuru kitu. Linaeleweka kwa mstari mmoja.

Uongo ndio unaodhuru, na hapa sitapunguza maneno. Ukikamatwa kwa uzururaji, au mgambo wakikubeba na meza yako ya nyanya, hilo halimo katika makosa yanayofunga mlango wa Marekani. Ukilificha, umegeuza jambo dogo kuwa udanganyifu. Kwa sheria ya Marekani, anayepotosha jambo la msingi ili apate viza huzuiwa maisha, isipokuwa wachache wanaoruhusiwa kuombewa msamaha. Kanada humfungia mtu miaka 5. Vishoka wanaokaa karibu na ofisi na kukuahidi cheti cha tabia njema bila kutoa vidole wanakuuzia kifungo hicho. Cheti cha polisi huweza kuulizwa kule kilikotoka, na kishoka hatakuwepo siku hiyo.

Sisi nasi tunachunguza wengine kwa njia inayofanana. Mgeni anayeomba uraia wa Tanzania chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 lazima awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7. Lazima ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe mtu wa tabia njema. Tabia hiyo huulizwa mtaani kwanza, kwa mjumbe na majirani. Zaidi ya Warundi 162,000, waliokimbilia nchini mwaka 1972 pamoja na watoto na wajukuu zao, walipitia mchujo kabla ya kupewa uraia wetu, na vyeti vyao wengi walivishika mwaka 2014.

Kama unafikiria kuomba ukaazi popote, usianze na fomu, wala usilipe ada yoyote bado. Tandika mkeka, panga juu yake cheti cha kuzaliwa, cha shule, cha ndoa, NIDA na pasipoti, kisha soma jina lako herufi kwa herufi, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Palipotofautiana, nenda RITA kwa cheti cha kuzaliwa au NIDA kwa kitambulisho, ukarekebishe, na kisichorekebishika kipatie hati ya kiapo mbele ya wakili. Mwajuma atahitaji kufanya hivyo kwa majina yake matatu kabla ya jambo jingine lolote, na fomu ya viza itamuuliza majina yote aliyowahi kutumia. Ayaandike yote matatu.