Maji ya Kutazama na Maji ya Kuogea



Kila likizo ya Desemba inapokaribia, matangazo ya Jumapili hujaa habari za safari. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanakwenda Mikumi kuona wanyama, wanakwaya wanakodi basi, na jumuiya nazo zinachangishana ili familia zipumzike pamoja siku moja. Mimi kama muuguzi nafurahi. Mtu anayeshinda shambani au dukani mwaka mzima anahitaji siku ya kunyoosha miguu na kucheka na watoto wake. Hiyo nayo ni dawa, tena haina sindano.

Lakini katika safari hizi liko jambo moja linalotuletea wagonjwa kuliko simba na nyoka. Jambo hilo ni maji. Mwezi huu tuzungumze juu yake.

HIFADHI ILIYO MLANGONI PETU

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na ukubwa wake leo ni kilometa za mraba 3,230. Jina lake limetokana na miti ya mikumi, ile mirefu ambayo kwingine huitwa mivumo. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa na Zambia inapita katikati yake, hata abiria wa basi huona twiga na tembo bila kushuka. Sisi wa Kilosa tunapita njia ya Ulaya hadi Mikumi mjini, kisha tunageukia upande wa Morogoro mpaka langoni.

Ndani ya hifadhi, katika uwanda wa Mkata, si mbali na lango, liko bwawa la viboko. Hapo ipo sehemu ambayo wageni huruhusiwa kushuka garini. Viboko wamelala majini kama magogo, ndege weupe wanatembea ukingoni, na mamba naye hakosekani. Watoto hupapenda kuliko mahali pengine pote. Wala hakuna anayethubutu kutia mguu majini, kwa sababu hatari inaonekana kwa macho.

Shida huanza mnaporudi. Jua ni kali, watoto wamejaa vumbi, na dereva analijua bwawa moja kando ya njia, au dimbwi lililoachwa na mto, au mfereji wa mashamba. Hakuna kiboko wala mamba. Maji yametulia na majani yanaelea juu yake. Mtu mzima mmoja anasema, "Waacheni wapoe kidogo." Basi watoto wale walioliogopa bwawa lenye meno, wanaingia mpaka kifuani katika bwawa lisilo na meno. Hapo ndipo wengi huumia.

BINTI ALIYEADHIBIWA BURE

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Aprili, mama mmoja alimleta kwangu binti yake wa miaka 13. Alitaka apimwe mimba na magonjwa ya zinaa. Alikuwa ameona damu katika nguo za binti, na siku zake hazijafika. Binti alisema anaumia anapokojoa. Baba alikwisha kumchapa fimbo, akimtaka amtaje huyo kijana. Wiki nzima hakwenda shule.

Nilimwomba mama anisubiri nje. Binti alikuwa anatazama sakafu tu. Nilipomuuliza kuhusu wavulana alilia, akakana. Nikamuuliza swali jingine: "Mwanangu, tangu mwaka jana umeoga mtoni au bwawani wapi?" Nyumbani kwao wana bomba. Akafikiri, akasema, "Ni siku ile tu ya safari ya Mikumi, tulipokuwa tunarudi. Na wewe ulikuwepo, Sista."

Ni kweli, nilikuwepo. Nilikaa chini ya mti nikigawa maandazi. Niliwaona wakiingia majini, nikanyamaza, kwa sababu joto lilikuwa limezidi na watoto walikuwa na furaha. Nilijua, lakini nilinyamaza.

Binti akaendelea kukumbuka. Usiku ule alijikuna mwili mzima. Mwezi wa Januari alipata homa na kikohozi, akapewa dawa ya malaria bila kupimwa, ikapita. Tukapima mkojo, na kwenye darubini mayai ya kichocho yakaonekana wazi, yenye ncha kama mwiba mwishoni. Nilimwita mama ayatazame mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia bintiye, "Nisamehe, mwanangu." Baba alikuja kesho yake, peke yake, kuuliza kama ni kweli. Wiki ile tuliwaita watoto wote wa safari, na wengine watatu walikutwa na kichocho bila wazazi wao kujua.

KICHOCHO KINAVYOSAFIRI

Mtu mwenye kichocho akikojoa au akienda haja kubwa majini au kando yake, hutoa mayai. Mayai yakifika majini huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humo humtafuta konokono wa majini. Ndani ya konokono huongezeka kwa wiki kadhaa, mpaka konokono mmoja anaweza kutoa maelfu. Vikitoka humtafuta binadamu. Havihitaji kidonda wala havingoji unywe maji. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache, hata kama umesimama tu ukifua au ukivua samaki.

Mwilini vijidudu hivyo hukua kuwa minyoo midogo, dume na jike, ikaishi katika mishipa ya damu. Kuna aina mbili hapa kwetu. Kichocho cha mkojo hukaa karibu na kibofu, na dalili yake kubwa ni damu, hasa mwishoni mwa kukojoa. Kichocho cha tumbo hukaa karibu na utumbo, na huleta maumivu ya tumbo, kuhara na damu katika choo. Minyoo hii huishi kwa kawaida miaka 3 hadi 5, na mingine zaidi sana.

Ugonjwa usipotibiwa, mayai yanayobaki mwilini huharibu viungo taratibu. Kibofu na figo huumia, na saratani ya kibofu inaweza kufuata. Ini na bandama huvimba. Kwa wasichana na akina mama, mayai huleta vidonda katika njia ya uzazi, maumivu, kutokwa damu na hata ugumba. Vidonda hivi hufanana na vya magonjwa ya zinaa, na ndiyo maana mabinti wengi husingiziwa.

Wako wazee wanaosema mvulana akikojoa damu ndiyo anabalehe. Si kweli. Wala si uchawi. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliigundua minyoo hii mjini Cairo mwaka 1851, na mayai yake yamekutwa hata katika maiti za kale za Misri.

SAA YA HATARI

Vijidudu hutoka kwa konokono wakati wa mwanga na joto, zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Angalieni, hiyo ndiyo saa tunayopenda kuwapeleka watoto wakaoge! Lakini msidhani alfajiri ni salama, kwa kuwa vijidudu vikishatoka huweza kuishi majini hadi siku mbili.

MAMBO YA KUFUATA

Kabla ya safari:

1. Bebeni maji ya kutosha. Ya kunywa yawe yamechemshwa, angalau lita 2 kwa kila mtu. Ongezeni madumu ya maji ya bomba ya kunawa na kuwapoza watoto. Mtoto aliyemwagiwa kopo mbili kichwani hatamani tena bwawa.

2. Kiongozi atangaze kabla basi halijaondoka: hakuna kuoga njiani. Likisemwa mapema, hakuna mtu mzima atakayeona haya kukataza baadaye.

3. Vaeni nguo nyepesi za mikono mirefu. Epukeni nyeusi na bluu iliyokolea, kwa sababu mbung'o huzifuata rangi hizo. Wakizidi, fungeni vioo vya gari.

Mkiwa hifadhini:

4. Msishuke ila pale panaporuhusiwa. Bwawani washikeni watoto mikono, mkae mbali na ukingo, wala msisimame kati ya kiboko na maji. Kiboko aliyezibiwa njia ya majini hushambulia.

5. Msiwape nyani chakula wala msiache mabaki. Nyani aliyezoea mkate wa mgeni humnyang'anya mgeni wa kesho.

6. Tumieni vyoo. Asiwepo wa kujisaidia majini wala ukingoni. Kwa kawaida konokono hana kichocho mpaka binadamu ampelekee.

7. Dereva afuate mwendo ulioandikwa kwenye vibao. Wanyama huvuka barabara usiku na mchana.

Mkisharudi:

8. Aliyeingia majini apelekwe kupimwa wiki 6 hadi 8 baadaye, hata kama hajisikii vibaya. Dawa yetu, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa lakini haiui vizuri ile michanga, kwa hiyo kuinywa kesho yake tu hakutoshi. Ila akipata homa, kikohozi au vipele kabla ya muda huo, asisubiri.

9. Mkojo wa kupima uletwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana saa hizo mayai hutoka kwa wingi.

10. Homa yoyote baada ya safari ipimwe malaria, na mganga aambiwe mlikwenda wapi. Malale inayoletwa na mbung'o ni nadra siku hizi, lakini mganga asiyejua kwamba ulikwenda porini hataifikiria.

MASWALI MNAYONIULIZA

Je, maji ya mto yanayokwenda kasi ni salama? Konokono hupenda maji yaliyotulia, lakini ukingoni na kwenye vidimbwi vya mto huohuo wapo. Tena mto una mamba, na mkondo huzamisha. Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa nguvu ya Mkondoa. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliwatoa maelfu katika nyumba zao.

Nikijifuta haraka kwa taulo? Husaidia kidogo, lakini usiitegemee. Vijidudu havingoji utoke majini.

Mtoto wangu amepewa dawa ya kichocho shuleni. Je, amekingwa? Hapana. Dawa hutibu, haikingi. Akirudi majini kesho atapata tena. Hata hivyo msimzuie kuinywa, ila ale kwanza, kwa sababu akiinywa na njaa hupata kizunguzungu na kichefuchefu.

Basi tusiogelee kabisa? Bwawa la kuogelea lenye dawa ya klorini, linalotunzwa vizuri, halina kichocho. Bahari nayo haina, kwa sababu konokono hawa ni wa maji baridi yasiyo na chumvi. Kama nyumbani hamna ila maji ya bwawa au mto, yachemsheni, au yachujeni na kuyaacha katika pipa lenye mfuniko kwa siku mbili kamili kabla ya kuyaogea. Ya kunywa ni lazima yachemshwe.

NENO KWA WAZAZI

Mkiona damu kwa mtoto, wa kike au wa kiume, wekeni fimbo chini kwanza. Muulizeni kwa upole alioga wapi, kisha mleteni tumpime. Kipimo cha mkojo ni cha muda mfupi, na vidonge hunywewa mara moja tu, kwa kadiri ya uzito au urefu wake. Lakini mtoto aliyeaibishwa mbele ya ndugu zake hatibiwi kwa vidonge.

Nasi watu wazima tunaofuatana na watoto, tusione haya kuonekana wakali. Siku ile ningesema neno moja tu chini ya mti, binti yule asingechapwa.

Desemba iliyofuata tulikwenda tena Mikumi. Tulibeba madumu 8 ya maji ya bomba. Tuliwatazama viboko mpaka watoto wakatosheka, na tuliporudi basi lilisimama kwenye kivuli, mbali na bwawa. Aliyeshika kopo na kuwamwagia wadogo maji kichwani alikuwa binti yuleyule. Mdogo mmoja alipouliza kwa nini wasiende bwawani, alimjibu, "Yale ni ya kutazama. Ya kuogea haya hapa."

Nawatakia safari njema na likizo yenye afya.