Istilahi za Uwiano wa Gia katika Michezo ya Mashindano ya Magari

Miongoni mwa michezo ya video inayoshindanisha magari, Gran Turismo, uliotolewa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 1997, umejipatia sifa kwa kumruhusu mchezaji kulirekebisha gari lake kabla ya kuliingiza uwanjani. Moja ya marekebisho hayo ni kuchagua uwiano wa gia. Hesabu yake ni nyepesi. Kinachotatiza ni maneno. Makala haya yana nia ya kuieleza hesabu hiyo kwa Kiswahili, na kupendekeza istilahi zisizompoteza mtumiaji.

Kwanza yafaa tufahamu maana ya uwiano. Magurudumu mawili ya meno yanapoumana, lenye meno machache huzunguka mara nyingi zaidi. Iwapo linaloendesha lina meno 12, na linaloendeshwa lina meno 36, la kwanza halina budi kuzunguka mara 3 ili la pili lizunguke mara 1. Hivyo uwiano wao ni 3. Katika gari, mizunguko ya injini hupunguzwa kwa namna hii mara mbili: kwanza ndani ya giaboksi, ambamo kila gia ina uwiano wake, kisha katika difu, ambayo uwiano wake ni mmoja kwa gia zote. Tukizidisha uwiano wa gia kwa uwiano wa difu tunapata uwiano wa jumla.

Tuchukue mfano wa gari ambalo injini yake hufikia mizunguko 7,000 kwa dakika, na ambalo tairi zake zikizunguka mara moja gari husonga mita 2. Difu yake ina uwiano wa 4.0. Gia ya kwanza ikiwa na uwiano wa 3.0, uwiano wa jumla ni 12, na mwendo wa gari hauwezi kupita kilomita 70 kwa saa. Gia ya nne, yenye uwiano wa 1.0, hulifikisha gari kilomita 210 kwa saa. Na ya tano, yenye 0.8, hulifikisha kilomita 262 hivi.

Hapa ndipo lugha inapotukwaza. Mtu akisema “gia kubwa”, je, anakusudia gia ya tano, ambayo namba yake ni kubwa, au gia ya kwanza, ambayo uwiano wake ni mkubwa? Wasikilizaji wawili waweza kuelewa mambo mawili yanayopingana, na kila mmoja akawa na hoja. Kadhalika, tukiita uwiano wa difu “gia ya mwisho”, dereva atadhani tunazungumzia gia ya tano.

Pendekezo letu ni kutazama kazi inayofanywa na gia. Injini inapozunguka mara moja, gari letu katika gia ya kwanza husonga sentimita 17 hivi. Katika gia ya tano husonga sentimita 62 hivi. Umbali huo twaweza kuuita “hatua”. Mpagazi apandaye mlima na mzigo hupiga hatua fupi, akapata nguvu lakini asiende mbio. Akifika tambarare huzirefusha. Basi na tuseme “gia ya hatua fupi” na “gia ya hatua ndefu”, na maneno “kubwa” na “ndogo” tuyaachie tarakimu za uwiano peke yake. Kanuni itakuwa hii: uwiano ukiongezeka, hatua hupungua.

Tukiwa na maneno hayo, namna ya kuchagua inaelezeka kwa urahisi. Jambo la kwanza ni difu. Uwanja wa Tsukuba nchini Japani una urefu wa kilomita 2 tu na kona nyingi. Ule wa Le Mans nchini Ufaransa unapita kilomita 13 na una nyofu ndefu. Kwa difu ya 4.0, gari letu litachapuka vizuri huko Tsukuba, lakini huko Le Mans injini itafikia kikomo chake kabla ya nyofu kwisha. Tukishusha uwiano wa difu hadi 3.5, hatua zote hurefuka kwa pamoja, na gia ya tano yaweza kufika kilomita 300 kwa saa, mradi injini iwe na nguvu ya kuushinda upepo. Kipimo chema ni kwamba injini ikaribie kikomo chake mwishoni mwa nyofu ndefu kuliko zote.

Jambo la pili ni gia ya kwanza: iwe na hatua fupi kiasi cha kuondoka upesi bila tairi kuteleza. La tatu ni mapengo baina ya gia. Kutoka uwiano wa 3.0 kwenda 2.0, injini hushuka kutoka mizunguko 7,000 hadi 4,667, kutoka 1.0 kwenda 0.8, hushuka hadi 5,600 tu. Mapengo na yapungue kadiri mwendo unavyozidi, kwa kuwa ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, na injini iliyoshuka mno hukosa nguvu ya kuendelea.

Huenda msomaji akauliza kama mchezo unastahili mjadala wa istilahi. Mchezaji anayekosea hupoteza sekunde chache. Lakini maneno hayo hayo ndiyo anayohitaji dereva wa lori anayeteremka mlima wa Kitonga, mkoani Iringa. Huko gia ya hatua fupi huiwezesha injini kulizuia gari, breki zisishike moto. Mwanafunzi wa udereva akiambiwa “tumia gia ndogo” naye akaelewa kinyume, hasara yake haipimwi kwa sekunde. Istilahi njema ni ile inayoonyesha upande wa kwenda hata kwa asiyefundishwa. Wasomaji, hasa mafundi na madereva, wanaombwa kuyapima mapendekezo haya na kutoa maoni yao.