Stata na Vumbi la Unyamwezi

Zungusha ufunguo wa Land Rover ya zamani asubuhi ya mwezi wa nane pale Tabora, kisha sikiliza kabla ya kushika spana. Ukisikia "ta" moja na kimya, tazama betri na waya zake. Injini ikizunguka kwa kujikokota, umeme unapotelea njiani. Lakini ukisikia mlio mwembamba, "zziii", mota inakimbia peke yake na injini haina habari, basi umesikia ugonjwa wa Unyamwezi wenyewe: vumbi limeingia kwenye bendiksi ya stata.

Stata ya umeme na reli ya Tabora ni rika moja. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora kutoka Dar es Salaam. Mwaka huohuo, kule Marekani, Cadillac ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kabla ya hapo injini iliamshwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi kinyume iliweza kuvunja mkono. Reli ndiyo iliyowatua wapagazi mizigo kwenye njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, njia ambayo Burton na Speke waliifuata hadi Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857. Ila treni haikuweza kumfikisha bwana nyuki kwenye mizinga porini Sikonge, wala padri kwenye kigango cha mbali. Kazi hiyo ilihitaji gari la kupita penye mchanga na mizizi. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati Waingereza wako mbioni na mradi wao wa karanga, na Urambo ni kituo kimojawapo. Mradi ulikufa; Land Rover ikadumu.

Stata ya magari hayo, kwa mfano ile ya Lucas iliyofungwa kwenye injini za petroli, ni mota sahili kuliko watu wanavyodhani. Umeme unaingia, unapita kwenye koili za fildi zilizofungwa ndani ya ganda, unavuka kaboni mbili kuingia kwenye amecha inayozunguka katikati, kisha unatoka kwa kaboni nyingine mbili kwenda athi. Kwa kuwa fildi na amecha zimepangwa foleni moja, mota hii ina nguvu kubwa kabisa pale inapokuwa imesimama, na hapo ndipo injini baridi inapoihitaji. Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi: ukiikosea betri, chanya kuwa hasi, stata itazunguka upande uleule, maana sumaku ya fildi na ya amecha zimegeuka pamoja. Kwa hiyo usiseme betri iko sawasawa eti kwa sababu gari limewaka. Land Rover za mwanzo zilikuwa na athi chanya, na mwenye kuzifungia alternata ya kisasa bila kulijua hilo ataiunguza.

Turudi kwenye bendiksi. Ni gia ndogo iliyokaa kwenye nyuzi nene za mshazari, mfano wa nati kwenye bolti. Mota ikishtuka kuzunguka, gia inachelewa kwa uzito wake, hivyo nyuzi zinaisukuma hadi ing'ate meno ya flaiwili ya injini. Injini ikiwaka, flaiwili inaikimbiza gia kuliko mota yenyewe, nayo inarudishwa nyuma. Hakuna kinachoivuta wala kuisukuma zaidi ya hapo. Ndiyo maana nyuzi zile hazitaki grisi. Naliandika hili kwa uchungu, kwani nimefungua stata nyingi zilizopakwa grisi na mtu mwenye nia njema. Grisi ilikamata vumbi, vumbi likawa ugoro, ugoro ukaganda, na gia ikakwama palepale. Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi ngumu, ikaushe, izungushe kwa kidole. Ikiteleza yenyewe hadi mwisho na kurudi, iache kavu.

Ndani ya ganda, kazi kubwa ni komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba mwishoni mwa amecha. Ishike kwenye mwanga. Iliyo nzima ina rangi ya kahawia inayong'aa, na kati ya kipande na kipande unaona mstari mwembamba wa maika. Isafishe kwa msasa laini wa mbao ukiizungusha taratibu. Msasa wa chuma una punje kali zinazozama kwenye shaba na kuja kula kaboni.

Hapa ndipo fundi aliyezoea dainamo hukosea. Kwenye dainamo, maika huchimbwa kwa kipande cha msumeno wa chuma ili ikae chini ya shaba. Kwenye stata hizi za Lucas haichimbwi. Kaboni zake zina shaba nyingi, zinaisaga maika pamoja na pete, na mfereji ukichimbwa hujaa unga wa shaba hadi vipande jirani vikagusana.

Kaboni iliyobaki chini ya milimita nane hivi ibadilishe. Mbili zimelehemiwa kwenye fildi, kwa hiyo pasha joto haraka na utoke, kabla risasi haijapanda kwenye uzi wa kaboni na kuufanya mgumu kama msumari. Tazama pia ndani ya ganda: kama vyuma vya fildi vimekwaruzwa upande mmoja, bushi zimekwisha na amecha inagusa. Bushi mpya za shaba nyeusi zina matundu madogo yasiyoonekana. Zilaze kwenye oili ya injini siku nzima kabla ya kuzigonga mahali pake.

Ukimaliza, ibane stata kwenye jiliwa uijaribu, kwani itaruka. Inapokubali, usiifunge kabla hujakwangua kutu pale waya wa athi unapokutana na chesisi. Stata inakunywa ampea 200 au zaidi. Kutu yenye ukinzani wa omu 0.01 tu itakunyang'anya volti 2 kati ya 12, na utarudi kuilaumu amecha ambayo haina kosa.